Zamu ya Nani Usiku Huu?

Somo: Marko 13:33-37



Kaskazi imekwisha kuingia, na pamoja nayo Majilio yametufikia. Watu wa pwani yetu, toka Kunduchi na Mbweni hata Bagamoyo, na toka Bagamoyo hata Saadani, wamezijua pepo mbili hizi tangu zamani za mababu. Kaskazi, ya Desemba mpaka Machi, ndiyo iliyoyaleta majahazi na mabumu toka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, ianzayo kiasi cha Aprili, ndiyo iliyoyarudisha kwao. Baharia aliyepitwa na msimu alikaa bandarini miezi akingoja upepo mwingine. Kanisa nalo lina misimu yake, na msimu huu wa Majilio una neno moja kubwa kuliko yote: Kesheni.

Katika somo letu Bwana anatoa mfano wa mtu aliyesafiri, akaiacha nyumba yake mikononi mwa watumishi wake. Kila mmoja alipewa kazi yake, na bawabu akaamriwa kukesha. Hawakuambiwa saa ya kurudi kwa bwana wao. Huenda akaja jioni, au usiku wa manane, au jogoo awikapo, au kulipopambazuka.

Tazameni jinsi Bwana alivyougawa usiku katika mafungu manne. Wakati ule, chini ya utawala wa Warumi, usiku ulikuwa na zamu nne, na kila zamu ilikuwa ya saa tatu. Sisi tusemao Kiswahili hatuna shida kuelewa jambo hili, kwa maana tunahesabu saa kama walivyohesabu wao, tukianzia machweo na macheo. Zamu ya kwanza ilianza saa kumi na mbili jioni mpaka saa tatu. Ya pili saa tatu mpaka saa sita. Ya tatu saa sita mpaka saa tisa. Na ya nne saa tisa mpaka kucha. Kumbukeni ya kuwa ni katika zamu hiyo ya nne Bwana wetu aliwaendea wanafunzi wake juu ya maji, walipokuwa wakitaabika kwa kuvuta makasia (Marko 6:48). Aliwaendea saa ambayo mwili umechoka kupita saa zote.

Basi neno hili "zamu" ndilo nitakalo tulifikiri pamoja. Na kwa kuwa sisi ni watu wa pwani, natutazame kwanza baharini.

Maisha ndani ya chombo

Siku hizi boti za injini huvuka toka Dar es Salaam mpaka Unguja kwa muda wa saa mbili hivi, na abiria hana haja ya kujua upepo unatoka wapi. Safari za matanga hazikuwa hivyo. Toka Ghuba mpaka Unguja ilikuwa safari ya majuma mengi, na pamoja na kutua bandari moja baada ya nyingine ilikuwa ya miezi. Mwaka 1938 mwanamaji mmoja wa Australia, Alan Villiers, alipanda bumu la Kuwait huko Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Alisafiri nalo kufuata pwani ya Somalia, Lamu na Mombasa hata Unguja, kisha mpaka delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko, na mwaka 1939 akarudi nalo mpaka Kuwait. Aliandika habari zake kitabuni, na kwa hiyo twajua vizuri jinsi mabaharia wale walivyoishi.

Hawakuwa na vyumba. Walilala juu ya sitaha, kila mtu alipopata nafasi kati ya kamba na mizigo. Moto wa mpishi uliwashwa ndani ya sanduku lenye mchanga, ili usiunguze mbao. Chakula kilikuwa wali, samaki, tende na mkate uliookwa papo hapo. Maji ya kunywa yalitumiwa kwa hesabu, kwa sababu maji ya bahari yamekuzunguka pande zote nawe huwezi kuyanywa. Asubuhi walisali, mchana walishona matanga na kusokota kamba, na kila ilipotakiwa kupandisha foromali, ambalo ni gogo zito linalobeba tanga, waliimba pamoja ili mikono yao ivute kwa pigo moja. Mara tano kwa siku walisimama kumwomba Mungu kwa desturi ya dini yao, hata bahari ilipochafuka.

Usiku ulipoingia, tanga halikushushwa wala chombo hakikusimama. Njiani katika bahari kuu hakuna mahali pa kutia nanga. Maji ni ya kina kirefu mno. Jua likizama, upepo unaendelea kuvuma, mkondo unaendelea kuvuta, na mwamba haulali. Kwa hiyo hapana budi mtu mmoja awe macho. Mtu mmoja anashika usukani, macho yake yakienda kwenye dira na kwenye nyota, kisha yakirudi kwenye tanga. Mwingine anatazama mbele, kule omo. Mwingine anashuka ngamani kuona maji yameingia kiasi gani, kwa maana hakuna chombo cha mbao kisichovuja hata kidogo. Wahenga walisema: kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chombo kinaweza kupambwa vizuri tezi, lakini uhai wake unapimwa kule chini penye giza, panapofuliwa maji kila usiku bila mtu kushangiliwa.

Na hao wengine wanafanya nini? Wanalala. Wala si wavivu. Wanalala kwa sababu mwenzao yu macho, na saa yao ikifika wataamshwa, naye atalala. Mwenye zamu anakesha kwa upendo, na aliyelala amelala kwa kumwamini mwenzake. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, chombo hakifiki.

Safari ya mwaka 1864

Sasa nataka tuiangalie safari moja iliyoanzia Unguja, ng'ambo yetu hapa, ambayo inahusu historia ya Kanisa letu.

Daktari David Livingstone alikuwa na meli ndogo iitwayo Lady Nyassa. Iliundwa kwa ajili ya ziwa Nyasa, lakini haikufika huko. Safari yake ya mto Zambezi ilipokwisha, alitaka kuiuza, na wanunuzi walikuwa Bombay, ng'ambo ya bahari ya Hindi, maili 2,500. Mtu wa kuiongoza hakupatikana, akaamua kuwa nahodha yeye mwenyewe. Aliondoka Unguja tarehe 30 Aprili 1864, akiwa na tani 14 tu za makaa. Hayo yalitosha kwa siku chache, na sehemu kubwa ya njia ilikuwa ya matanga.

Pamoja naye walikuwa Wazungu watatu, wanaume saba wa nchi ya Zambezi, na wavulana wawili. Wale saba walikuwa watu wa mtoni. Kabla ya kuandamana naye hawakuwa mabaharia wa bahari kuu hata kidogo. Mmoja wao alikuwa Susi. Wavulana wale walikuwa Chuma na Wakatani. Hao wawili walikuwa wamefungwa utumwani, wakakombolewa mwaka 1861 na Livingstone pamoja na Askofu Mackenzie, askofu wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, ambayo ndiyo mama wa parishi nyingi za pwani yetu. Walilelewa na misheni ile huko Magomero.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Bahari hii, kwa kaskazi na kusi hizi hizi, ilibeba maelfu ya watumwa, na wengi walipakiwa katika pwani yetu hii. Soko la Unguja halikufungwa hata mwaka 1873. Na katika mwaka 1864, juu ya bahari hiyo hiyo, walikuwamo vijana wawili waliowahi kufungwa kamba na wafanya biashara ya watu, sasa wakisafiri huru, wakihesabiwa miongoni mwa watu wa chombo.

Livingstone alitumaini kufika kwa muda wa siku 18. Ilichukua siku 45. Sababu yake haikuwa dhoruba, bali shwari. Kwa zaidi ya majuma matatu upepo ulikufa, bahari ikawa kama kioo, tanga likaning'inia. Makaa ni machache, hayawezi kuchomwa ovyo. Na nyuma yao ilikuwa inakuja pepo kali ya kusi ambayo kila mwaka huivunja bahari ya Bara Hindi kiasi cha mwezi wa Juni. Ikiwakuta njiani katika meli ndogo iliyoundwa kwa ziwa, wataangamia. Wakati huo wote wale watu wa Zambezi walijifunza kazi. Walijifunza kushika usukani na kupanda kwenye matanga, wakawa mabaharia wa kutumainiwa. Tarehe 13 Juni 1864 waliingia bandari ya Bombay, na meli ilikuwa ndogo hata watu wa bandarini hawakuitambua ilipoingia.

Hapa nataka tushike mambo matatu.

La kwanza: chombo hakisafiri kwa mtu mmoja

Vitabu vingi husema Livingstone alivuka bahari ya Hindi. Ni kweli. Lakini mtu mmoja hawezi kukesha siku 45. Hata mtu mwenye nguvu nyingi, usiku wa tatu usingizi utamwangusha. Kama wale wanaume wa Zambezi wasingekubali kujifunza usukani, nahodha asingefika, hata angekuwa na elimu ya nyota kiasi gani. Jina la nahodha limeandikwa juu ya mawe na shaba. Kazi ya usiku ilifanywa na mikono mingi.

Mtakatifu Paulo naye alijua jambo hili. Soma Matendo ya Mitume sura ya 27. Chombo kina watu 276, na usiku wa kumi na nne wa dhoruba mabaharia wanatambua ya kuwa nchi kavu iko karibu. Wanapima kina, wanatupa nanga nne kutoka tezi, wanaomba kupambazuke. Lakini ona lile jambo baya lililofuata. Mabaharia wanataka kushusha mashua kwa hila na kukimbia, wakiwaacha abiria. Paulo, aliyekuwa ameahidiwa na malaika ya kuwa hakuna atakayepotea, hakunyamaza kwa kuitegemea ahadi ile. Alimwambia akida ya kuwa watu hao wasipokaa chomboni, wengine hawataokoka. Ahadi ya Mungu haikuifuta zamu ya mwanadamu. Mungu aliahidi kuwaokoa, naye aliwaokoa kwa mikono ya watu waliokaa mahali pao.

La pili: shwari hutujaribu kuliko dhoruba

Wakati wa dhoruba hakuna haja ya kumwamsha mtu. Hofu yenyewe humwamsha. Kila mtu anavuta kamba, kila mtu anaomba, hata wale mabaharia wa chombo cha Yona waliomba, kila mtu kwa mungu wake. Lakini upepo ukifa siku ya kumi, siku ya kumi na tano, siku ya ishirini, ndipo mtu huanza kusema moyoni: "Nikeshe kwa nini? Hakuna kinachotokea." Huko ndiko kulala kwa hatari. Mkondo wa maji haufi pamoja na upepo. Unakivuta chombo polepole kuelekea mahali ambapo hukutaka kwenda, na mlinzi aliyelala hatajua mpaka asikie mwamba.

Hivi ndivyo ilivyo katika Kanisa. Msiba ukitokea, parishi nzima iko pale. Turubai linafungwa, sufuria zinaletwa, wanaume wanachimba kaburi, kwaya inaimba hata usiku wa manane. Hilo ni jema, nasi tumshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini baada ya arobaini, mjane anabaki na shwari. Hakuna kilio, hakuna turubai, hakuna mgeni mlangoni. Zamu yake ndipo inaanza, naye yu peke yake kwenye usukani.

La tatu: zamu hukabidhiwa kwa maneno

Mwenye zamu haondoki tu akaenda kulala. Humwamsha mwenzake, humngoja mpaka macho yake yameizoea giza, ndipo humwambia: tunafuata nyota ile, upepo umegeuka kidogo, ngamani maji ni kiasi hiki, kule kulia niliona moto wa wavuvi. Ndipo anaachia usukani, na mwenzake anaushika kabla mkono wa kwanza haujatoka. Katika nukta ile mikono miwili iko juu ya usukani mmoja.

Imani yetu imetufikia kwa njia hiyo. Mtu alimwambia mtu. Bibi alimfundisha mjukuu Sala ya Bwana akiwa anachambua mchele. Mwalimu wa dini alitembea na daftari lake toka kijiji hata kijiji. Nasi wazee tujiulize: je, tumewaamsha vijana na kuwaeleza njia, au tumeshikilia usukani mpaka mikono inatetemeka, kisha twalalamika ya kuwa vijana wamelala? Nanyi vijana mjiulize: mzee anapokuita saa ya zamu, unaamka, au unajifunika shuka?

Zamu ya Majwara

Mambo ya 1864 yalikuwa maandalizi ya mambo ya 1873, ambayo yanatugusa sisi wa Bagamoyo.

Livingstone alirudi Afrika, na Susi na Chuma walikuwa pamoja naye miaka yote ile ya mwisho. Mwisho wa Aprili 1873 alikuwa mgonjwa sana katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake walimjengea kibanda. Waligawana zamu kama juu ya chombo. Kijana aliyeitwa Majwara alilala ndani karibu na bwana wake ili amsikie akiita. Kiasi cha saa tano usiku Majwara alimwita Susi. Mgonjwa aliuliza habari za kelele zilizosikika nje, na za mto Luapula, ni mbali kiasi gani. Baadaye aliomba dawa, akasaidiwa kuinywa, kisha akamwambia Susi aende zake. Kiasi cha saa kumi alfajiri ya tarehe 1 Mei, Majwara alikuja mbio kumwamsha Susi, naye Susi akawaamsha Chuma na wengine. Mshumaa ulikuwa bado unawaka. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, uso mikononi, amekwisha kufariki.

Majwara naye alikuwa amepitiwa na usingizi usiku ule. Wala sisomi popote ya kuwa wenzake walimfukuza. Alikuwa mtoto, amechoka, na zamu ilikuwa ndefu. Bwana wetu pale Gethsemane aliwakuta rafiki zake watatu wamelala mara tatu, akajua ya kuwa roho zao zilitaka ila miili ilikuwa dhaifu, na hao hao ndio aliowatuma baadaye kuhubiri duniani mwote. Neno hili ni la faraja kwa kila mmoja wenu aliyeuguza mzazi miezi mingi, kisha mzazi akafariki dakika ile ulipofumba macho, au ulipotoka kuchota maji. Usijilaumu mpaka kufa. Mungu hakulala dakika ile. Mgonjwa wako hakuwa peke yake.

Kisha wale watu wakafanya jambo ambalo hakuna aliyewaamuru. Moyo waliuzika pale chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi, alisoma sala za maziko. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga, wakauchukua kwa miguu maili zaidi ya 1,000, miezi mingi, kwa zamu begani. Wengine walikufa njiani. Mwezi wa Februari 1874 waliufikisha hapa Bagamoyo, ukalazwa kwa Mapadre wa Roho Mtakatifu, kisha ukavushwa Unguja na hatimaye ukazikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874.

Susi na Chuma hawakupewa nafasi katika meli iliyouchukua mwili. Aliyekwenda ni Jacob Wainwright. Wao walikabidhi zamu yao hapa pwani, mikono ikiwa mitupu. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882 katika hospitali ya UMCA. Susi alibatizwa Unguja mwaka 1886, akaitwa Daudi, naye alifariki mwaka 1891. Watu husema jina la Bagamoyo latokana na kuubwaga moyo. Kama ndivyo, basi sijui watu waliokuwa na haki zaidi ya kuubwaga moyo hapa kuliko wachukuzi wale.

Zamu zetu sisi

Ndugu zangu, mpaka hapa ni historia, na historia tamu inaweza kumlaza mtu usingizi kama shwari. Sasa tuje nyumbani.

Katika parishi kama hii yetu kuna nyumba ambazo taa haizimwi. Kuna mke anayemgeuza mume aliyepooza kila baada ya saa chache ili asipate vidonda, naye asubuhi ni lazima aende sokoni kuuza samaki. Kuna bibi mwenye umri mkubwa anayelea wajukuu wadogo, na mmoja ana kifafa. Kuna binti aliyeacha kazi ili amwuguze mama yake, na sasa ni mwaka wa pili hajalala usiku mmoja mzima. Hao wako juu ya chombo bila mtu wa kuwapokea. Sisi twafanya nini? Twakwenda Jumapili baada ya Misa, na kilo ya sukari na sabuni. Twakaa nusu saa. Twasali. Twasema, "Pole, mama, Mungu atakutia nguvu." Kisha twarudi nyumbani kulala.

Sukari ni njema, na sala ni njema kupita sukari. Lakini mtu aliyeshika usukani usiku wa ishirini hahitaji kwanza kilo ya sukari. Anahitaji mtu atakayemgusa bega na kumwambia: "Dada, nipe mimi. Nenda ukalale mpaka asubuhi." Sijui kama kuna maneno matamu kuliko hayo katika lugha yetu.

Kwa hiyo katika Majilio haya naomba jambo moja dhahiri. Akina mama wa Umoja, wazee wa kanisa na vijana wakae pamoja, waandike majina ya nyumba zenye wagonjwa wa muda mrefu, kisha waandike majina ya watu walio tayari kutoa usiku mmoja kwa mwezi. Usiku mmoja tu. Wakiwa watu ishirini wa namna hiyo, wakienda wawili wawili, nyumba tano zitapata usiku wa kupumzika mara mbili kwa mwezi. Hiyo si hesabu ngumu. Mtoto wa darasa la tatu aiweza. Aendaye asiende peke yake. Waende wawili wawili, wanawake kwa wanawake, wanaume kwa wanaume, kwa heshima ya nyumba. Na wafike mapema, wapokee zamu kwa maneno: dawa ni hii, saa yake ni hii, mgonjwa apenda kulalia upande huu.

Najua yatakayosemwa. Mmoja atasema, "Mimi mzee, siwezi kukesha." Mzee hulala kidogo, usingizi wetu huisha saa tisa, basi tuwe walinzi wa zamu ya nne. Mwingine atasema, "Mimi mvuvi, usiku ndio kazi yangu." Vema, wewe njoo mchana, ukae na mgonjwa, mwuguzaji alale. Mwingine atasema, "Mgonjwa yule si wa Kanisa letu." Mabaharia hawaulizani madhehebu ngama ikijaa maji. Katika mji huu tumezikana na kuuguzana, Wakristo na Waislamu, tangu zamani. Jirani ni jirani.

Na mwingine, moyoni, atasema neno zito zaidi: "Nimekesha miaka, nimeomba miaka, na Bwana haji." Kwake nina jibu moja tu. Katika Marko sura ya 4 twasoma ya kuwa tufani ilipovuma, Bwana mwenyewe alikuwa amelala tezi, juu ya mto wa kulalia. Wanafunzi walidhani hajali. Lakini alikuwa ndani ya chombo kile kile, katika maji yale yale. Alilala kama alalavyo mtu amwaminiye Baba yake. Na Zaburi ya 121 yatufundisha ya kuwa amlindaye Israeli hasinzii. Kwa hiyo yuko juu yetu Mlinzi asiyelala, na yuko kati yetu Mwana aliyekubali kuchoka kama sisi. Zamu yetu imo ndani ya zamu yake. Hatukeshi ili Mungu apate kulala. Twakesha kwa sababu yeye yu macho.

Kusi na kaskazi hatuziamrishi. Siku 18 zaweza kuwa 45. Kazi yetu ni kushika mahali petu mpaka tuamshiwe mtu wa kutupokea, au mpaka kupambazuke na Bwana mwenyewe aonekane bandarini.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewaendea wanafunzi wako katika zamu ya nne, waendee leo wote wanaokesha: wavuvi baharini, wauguzi hospitalini, askari na walinzi wa usiku, mama mwenye mtoto mgonjwa, na mjane asiyepata usingizi. Utuamshe sisi tuliolala, tukawapokee. Na zamu yetu ya mwisho itakapokwisha, utupe pumziko katika bandari yako iliyo salama. Wewe uishiye na kutawala pamoja na Baba na Roho Mtakatifu, Mungu mmoja, milele na milele. Amina.